Chura Ndani ya Kioo: Mwenye Kufuga Adaiwa Nini?

Mzazi mmoja wa Vudee, huko juu katika Milima ya Upare wilayani Same, ametuletea swali ambalo twaona litawafaa wengi. Mwanawe, kijana wa sekondari, ameona picha za mnyama wa majini aitwaye aksoloti, ambaye watu wa nchi za mbali humfuga nyumbani katika sanduku la kioo. Kijana ametamani. Kwa kuwa mnyama huyo hapatikani kwetu, amenunua vioo, ameviunga kwa gundi, na sasa ataka kutia ndani yake chura wa msitu wa Shengena. Baba yake auliza mambo mawili. La kwanza: je, ni halali mbele ya Mungu kumfungia kiumbe asiye na kosa ili kuyafurahisha macho? La pili: je, si aibu kumwekea chura ndoo za maji safi, hali wakati wa kiangazi akina mama hujipanga mstari penye bomba tangu alfajiri?

Huenda wako watakaocheka. Wazee walisema kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na kwa methali hiyo chura amewekwa mahali pake tangu zamani: mahali pa asiyehesabiwa. Lakini mzazi huyu hakuuliza neno la mzaha. Anayeuliza habari ya chura katika kioo auliza kweli habari ya mamlaka, yaani: mwenye nguvu amepewa nguvu juu ya asiye na nguvu kwa sharti gani? Swali hilo lamgusa baba juu ya watoto wake, mwajiri juu ya mtumishi wake, na serikali juu ya raia zake. Basi tulitazame kwa utaratibu.

Kwanza, kufuga si dhambi. Maandiko Matakatifu yatuambia kwamba mtu wa kwanza aliwekwa bustanini kwa kazi mbili, kuilima na kuitunza, na kazi hizo mbili hazikutenganishwa. Kitabu cha Mithali chamsifu mwenye haki kwa sababu aijua hali ya mnyama wake. Nuhu hakuambiwa achague wanyama wenye faida tu; aliwaingiza safinani hata wale ambao hakuna mtu angewanunua sokoni. Wapare wamefuga ng'ombe, mbuzi, kuku na nyuki tangu enzi za mababu, wala hakuna padre aliyewaungamisha kwa ajili hiyo.

Ila tumtazame ng'ombe wa zizini, kama wanavyomfuga watu wengi wa milimani ambako malisho ni haba. Ng'ombe huyo haendi malishoni. Malisho humwendea yeye. Mama hushuka bondeni na mundu, hukata majani, huyapandisha kichwani. Asipokwenda siku moja, ng'ombe hana la kufanya ila kulia, kwa maana kamba i shingoni. Hapo ndipo twaona sheria ya jambo hili: afungaye mlango wa kiumbe amejitwika kazi yote ambayo Mungu alikuwa akimfanyia kiumbe yule kwa mto, kwa mvua, kwa kivuli na kwa msitu. Milki yake imegeuka kuwa deni. Kabla ya kumfunga alikuwa hana wajibu wa kumlisha. Baada ya kumfunga hana ruhusa ya kusahau.

Deni hili, kwa mnyama wa majini, ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Tumchukue aksoloti mwenyewe. Asili yake ni maji ya Xochimilco, karibu na jiji la Mexico. Ni mnyama wa ajabu: hukaa maisha yake yote majini, na mashavu yake ya kupumulia, yaliyo kama manyoya, hayamwachi hata akiwa mzima, kana kwamba ni kiluwiluwi aliyekataa kukua. Mwaka 1864 baadhi yao walifikishwa Paris, wakazaliana huko, na uzao wao ukaenea katika maabara na nyumba za dunia nzima. Lakini huko kwao wataalamu walihesabu kiasi cha 6,000 katika kila kilometa moja ya mraba mwaka 1998, na mwaka 2014 wakahesabu 36 tu. Basi mnyama huyu anajulikana katika vioo duniani kote, naye amekaribia kutoweka katika maji aliyoumbiwa.

Naye atakaye kumfuga ahitaji nini? Ahitaji maji baridi, nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi, maana joto la chumba chetu cha kawaida humdhoofisha. Ahitaji mahali pa kujificha na mwanga hafifu. Changarawe ndogo hazifai, kwa kuwa huzimeza pamoja na chakula zikamziba matumbo. Maji ya bomba yenye klorini hayafai mpaka dawa hiyo iondolewe. Sabuni haifai hata kidogo, kwa sababu ngozi ya wanyama wa namna hii ni laini, hupitisha yaliyomo majini hata ndani ya mwili. Tena liko jambo lisiloonekana. Kinyesi cha mnyama na mabaki ya chakula huleta amonia, ambayo ni sumu. Mungu ameweka vijidudu vidogo sana viigeuzavyo amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na vijidudu vingine viigeuzavyo nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni machache. Vijidudu hivyo havinunuliwi vikakaa kwa siku moja. Sanduku hutayarishwa majuma kadhaa kabla mnyama hajaingia, na maji hupimwa mpaka sumu imalizike. Hata baadaye maji hayamwagwi yote kwa pamoja. Hupunguzwa sehemu, kama robo hivi kila juma, na kuongezwa mapya, ili wale watumishi wasioonekana wasife.

Twayaeleza haya kwa sababu moja. Watu wengi hudhani kwamba wema ni jambo la moyo tu. Mtoto atia mnyama majini, amwangalia kwa mapenzi, amlisha kupita kiasi, abadili maji yote kwa juhudi, asugua kioo kwa sabuni ili king'ae; na asubuhi mnyama amekufa. Hakuna aliyemchukia, naye amekufa. Ndiyo kusema mapendo yasiyojifunza yaweza kuua kama vile uadui uuavyo. Ndiyo maana elimu, kwa yule mwenye mamlaka juu ya mwingine, ni wajibu wa dhamiri. Mganga asiyejua dawa, mwalimu asiyejua somo lake, mzazi asiyetaka kujua mtoto anakula nini, wote waweza kusema kwamba nia yao ilikuwa njema, nao waweza kuwa wanasema kweli. Lakini nia njema haitengui sumu iliyo majini.

Pili, tusidhani kwamba haya ni mambo ya Mexico na Ulaya. Nchi yetu wenyewe imepata kulipa deni la namna hii, tena kwa gharama kubwa. Katika milima ya Udzungwa uko mto Kihansi, uangukao kwenye korongo kwa kimo cha mamia ya mita. Manyunyu ya maporomoko yake yalilowesha daima majani ya eneo dogo, kama hekta 2 tu. Mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme ukiwa umekwisha anza, wataalamu waliona hapo chura wa manjano ambaye elimu ilikuwa haimjui. Urefu wake haufiki sentimita 3. Hatagi mayai, bali huzaa watoto walio hai. Wala hakupata kuonekana mahali pengine popote duniani. Mwaka 1999 habari zake zilichapishwa na akapewa jina katika elimu ya viumbe. Na karibu na wakati huohuo maji yakageuzwa yaende kwenye mitambo. Sehemu kubwa sana ya mto ikaacha kupita korongoni, na manyunyu yakakoma.

Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikamatwa wakapelekwa kwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Bronx, huko New York. Korongoni yakawekwa mabomba ya kurushia manyunyu badala ya maporomoko, na kwa muda vyura waliobaki waliongezeka. Lakini mwaka 2003 walipungua ghafula, na ugonjwa wa kuvu ushambuliao ngozi za vyura ulionekana kati yao. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini. Walibaki wale wa kwenye vioo tu, ng'ambo ya bahari. Nao hawakuishi kwa urahisi. Miaka ya kwanza walikufa wengi hata wakawa chini ya mia, mpaka watunzaji walipojifunza, kidogo kidogo, ni mwanga gani uwafaao, chakula gani, maji gani na manyunyu kiasi gani. Hatimaye wakazaliana kwa maelfu. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa nchini, wakawekwa katika nyumba maalumu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 elfu mbili hivi wakaachiwa tena korongoni kwao.

Hapa twafikia pingamizi kubwa, nayo ni ileile ya mzazi wa Vudee. Pengine mtu atasema: Umeme wa Kihansi ni megawati 180. Ni taa katika chumba cha kujifungulia, ni kinu cha kusaga, ni friji la chanjo. Je, mambo hayo yalinganishwe na chura? Twamjibu: la, hayalinganishwi, wala hatumlaumu aliyetaka umeme. Mwanadamu ameumbwa kwa sura ya Mungu; Bwana wetu Yesu Kristu, aliposema kwamba hata shomoro hasahauliwi na Baba, aliongeza kwamba sisi tu bora kuliko shomoro wengi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki yafundisha pande zote mbili kwa pamoja: kwamba ni kinyume cha heshima ya mtu kuwatesa wanyama au kuwaua bila sababu, na kwamba haifai kuwatumia wanyama fedha ambayo kwanza ingepasa kuwaondolea watu taabu.

Ila yafaa tupambanue kati ya zawadi na deni. Mtu mwenye fedha anayemnunulia mbwa wake godoro hali jirani yake alala na njaa, huyo amekosa, kwa sababu ametoa zawadi mahali pasipofaa. Lakini mtu aliyebomoa ukuta wa jirani alipokuwa akijenga nyumba yake hawezi kusema, “Fedha hii nitawapa maskini, ukuta na ukae hivyo.” Kwanza alipe. Sadaka haitolewi kwa fedha ya deni. Ndivyo ilivyo kwa chura wa Kihansi. Gharama ya vile vioo na yale mabomba haikuwa zawadi kwa chura, bali sehemu ya bei halisi ya umeme, ambayo haikuandikwa katika hesabu ya kwanza. Tuliotumia taa tulikuwa tunadaiwa. Funzo lake ni kwamba hesabu ipigwe kabla ya kujenga. Kuchunguza korongo kabla ya kuchimba bwawa kungetaka subira na fedha kiasi. Kuwatunza vyura katika bara lingine kwa zaidi ya miaka 10 kulitaka fedha nyingi kuliko hizo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwingine, aliyesoma falsafa, atasema: Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba mnyama hana akili, kwa hiyo hana haki juu yetu kama mtu alivyo na haki. Deni basi ni la nani? Twamjibu kwamba Mtakatifu Tomaso huyohuyo afundisha kwamba amzoeaye mnyama kwa ukatili atakuja kumtenda mwanadamu vivyo hivyo. Na tena kwamba Mungu aliumba viumbe vingi vya namna nyingi kwa sababu kiumbe kimoja kisingetosha kuuonyesha wema wake. Ikiwa hivyo, kila aina ya kiumbe ni kama herufi katika barua ya Muumba. Anayefuta herufi, hata ikiwa ndogo, hakumkosea wino. Amemkosea mwandishi, na pia wale ambao barua iliandikwa kwa ajili yao. Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alikaza neno hilohilo: viumbe vina thamani yao mbele ya Mungu, si kwa faida yetu tu, nasi hatuna haki ya kuvitowesha. Deni letu basi ni kwa Mwenye mali, na kwa watoto watakaozaliwa baada yetu.

Sasa twaweza kumjibu mzazi wa Vudee. Kijana asichukue chura wa Shengena. Msitu wa Chome, unaouzunguka mlima huo, ni hifadhi, na sheria ya nchi haimruhusu mtu kujichukulia mnyama wa porini bila kibali. Lakini iko sababu ya ndani zaidi. Mwaka 2010 wataalamu walieleza kwa mara ya kwanza aina mbili za vyura wa Upare ya Kusini, na moja wameipa jina la Shengena yenyewe. Hao, kama vyura wa Kihansi, ni wa milima ile, hawana kwao kwingine. Tena watoto wao hawapiti hali ya kiluwiluwi majini. Hukua ndani ya yai katika unyevu wa nchi kavu, na wazazi wao hukaa katika majani na miti. Kumtia chura wa namna hiyo katika sanduku la maji, hata maji yawe safi namna gani, ni kumzamisha. Kijana aliyeiga picha za aksoloti angemuua mnyama kwa kumpa kitu ambacho mnyama mwingine angekipenda.

Kama kijana apenda kujifunza, naye ni jambo jema, na aanze na samaki wachache wa kufugwa, sato kwa mfano, waliopatikana kwa njia halali. Atayarishe sanduku lake kwa majuma, si kwa siku. Ajiulize mapema ni nani atakayewatunza atakaporudi bweni. Na maji yanayopunguzwa yasiwe hasara: yana rutuba, yafaa kumwagiwa mboga. Hivyo hatamnyang'anya mama ndoo, bali atamrudishia bustanini. Wakati wa kiangazi kikali, maji yasipotosha watu, basi watu kwanza, na kufuga kusianzishwe kabisa. Ni afadhali sanduku tupu kuliko sanduku la kiumbe aliyesahauliwa.

Sharti moja lisivunjwe kamwe: asimwage maji hayo wala wanyama hao mtoni au ndani ya ndiva. Magonjwa ya wanyama wa majini, pamoja na kuvu ile ya vyura, husafiri katika maji. Na kiumbe mgeni akiachiwa huweza kuharibu kilichokuwako. Sangara alipotiwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, samaki wa asili wa aina nyingi sana walitoweka baadaye. Mkono uliomtia ulikuwa na nia ya kuwapatia watu chakula.

Watu wa Vudee hawahitaji kufundishwa jambo hili na gazeti. Ndiva zao zawafundisha. Maji ya kijito hukusanywa usiku, hufunguliwa asubuhi, na kila mmoja hupata kwa zamu yake. Tope likijaa, watu huitana kwa msaragambo, hulitoa kwa majembe, bila kuuliza ni nani aliyelileta. Tena maji yapitayo Vudee hayaishii Vudee. Huteremka Bangalala, hufika hata Makanya tambarare, kwa watu ambao pengine hawajapanda mlimani maisha yao yote. Aliye juu hunywa kwanza, na kwa sababu hiyohiyo ndiye awezaye kumnyima au kumchafulia aliye chini.

Basi hali ya mwanadamu katika viumbe ni hali ya mtu wa juu ya mto. Amewekwa mahali pa juu na Mungu mwenyewe, wala hapaswi kuona haya kuwa hapo. Akinywa, hana kosa. Akizuia maji yapate kumwagilia shamba lake, bado hana kosa. Ila tangu saa ile aliposhika lango la maji, wote walio chini yake, awe mtu, awe ng'ombe, awe chura asiyetimiza sentimita 3, wanaishi kwa uaminifu wake. Mungu hatamwuliza kwa nini alipewa lango. Atamwuliza alilifungua saa ngapi.